Re: Sheria ya mshahara sawa ipo, mbona pengo haliishi?

Ndugu, umeuliza kwa nini wanawake bado wanalipwa kidogo ilhali sheria ipo. Sheria ni ya kitambo. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa malipo sawa kwa wanaume na wanawake, ni wa 1951! Shida ni nani anabeba mzigo wa kuthibitisha. Mwanamke atashtaki vipi wakati hajui mwenzake wa meza ya pili anapokea ngapi, na kuuliza tu ni ugomvi? Iceland waligeuza kibao 2018: kampuni yenye wafanyakazi 25 au zaidi ndiyo itoe ushahidi kwamba inalipa kwa haki.

Halafu likizo ya uzazi. Ikiwa ya mama peke yake, mwajiri anamwona kila binti kama hasara inayokuja. Baba naye apewe miezi yake, asipoichukua ipotee.