Meli ikipakia Kigoma kutwa nzima: Ujiji nenda, Gombe acha

Dada, nimesoma swali lako na majibu ya wadau. Kwa aliyechelewa: mleta uzi anatoka Kasanga na mama yake kwa meli ya mizigo inayokwenda Bujumbura. Ameambiwa meli itafunga gati Kigoma asubuhi, itapakia saruji, kisha itaondoka jioni. Anauliza kama anaweza kuuona mji kwa daladala, maana mama magoti yanamsumbua na mfuko hauruhusu kukodi gari. Mdau mmoja kamwambia apande mtumbwi akaone sokwe Gombe. Mwingine kasema bila gari la kukodi atabaki kuzunguka geti la bandari. Mimi nakaa Mwanga, hapa hapa Kigoma, mawese yangu yamepita bandari hiyo miaka mingi na mimi juu yake, na sikubaliani na yeyote kati yao.

Nianze na Gombe, kwa sababu ndiyo inayoweza kukuachisha meli. Ukisikia kilomita 16 kutoka mjini unaona ni hapo tu. Lakini mitumbwi ya injini ya Kibirizi, kaskazini ya bandari, haikuwekwa kwa ajili ya mtalii wala mpita njia. Ni usafiri wa watu wa vijiji vya mwambao, Mtanga, Mwamgongo na kuendelea. Wao wanaondoka kwao alfajiri, wanafika Kibirizi asubuhi na samaki na mazao, wanauza, wananunua sukari na sabuni, halafu mchana wanarudi nyumbani. Kwa hiyo mtumbwi wa kwenda Gombe unaupata kuanzia adhuhuri, ukishajaa, na njiani unasimama kila kijiji. Wa kukurudisha mjini ni wa kesho asubuhi. Jumapili ndiyo usihesabu kabisa. Wewe unataka kwenda asubuhi na kurudi jioni, yaani kinyume na kila mtu aliye kwenye mtumbwi ule. Kukodi boti peke yako inawezekana, ila hiyo bei tusiitaje kwenye uzi wa mtu aliyeomba daladala. Halafu ukifika, sokwe hawakusubiri ufukweni. Wanafuatwa milimani, na milima ya Gombe mama mwenye magoti haiwezi. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika pale Julai 1960 alikaa miezi kabla sokwe hawajamzoea. Wewe una mchana mmoja. Gombe ipangie safari yake, ulale huko.

Sasa saa zako. Usiamini "jioni" ya mtu yeyote isipokuwa karani wa meli au nahodha mwenyewe. Kabla hujashuka muulize mambo mawili: meli inafungua kamba saa ngapi, na uhamiaji wanagonga mihuri saa ngapi. La pili ndilo watu wanalisahau. Meli yenu inavuka mpaka, kwa hiyo hata kama upakiaji utaisha saa kumi na moja, huenda wakataka abiria na hati zao mapema kuliko hapo. Saa ya mihuri ndiyo saa yako ya kurudi, siyo ile ya kuondoka. Na kwa kuwa mzigo ni saruji, angalia mawingu. Mvua ikinyesha wapagazi wanafunika mifuko na kazi inasimama, hivyo meli inayopakia saruji masika huchelewa zaidi kuliko inavyowahi. Lakini usiipigie hesabu mvua, kwani ikikatika wanakazana kweli kweli. Chukua namba ya simu ya karani. Mabaharia wa ziwa hili ni watu wazuri, ukiwaaga vizuri na kuwaambia unakoenda watakupigia.

Mizigo yenu iacheni melini kwa mtu mnayemwamini, mtembee na kipochi, maji na kitambulisho cha NIDA. Ndani ya bandari usitoe simu kupiga picha bila kuomba ruhusa, hata kama umeiona Liemba. Najua inatamanisha. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi hapa na kuungwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili Waingereza wasiipate. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ombeni ruhusa, mara nyingi mnakubaliwa.

Ukitoka geti la bandari uko karibu na stesheni ya reli, jengo la Mjerumani, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika hapa mwaka 1914. Hilo mnaliona kwa miguu, tambarare, mama hatasumbuka. Kuanzia hapo barabara ya Lumumba inapanda kwenda Mwanga, na ndiyo njia ya magari ya Ujiji. Msiupande mlima ule kwa miguu. Subirini Haisi hapo hapo chini, zinapita mfululizo na konda atakuwa anaita "Ujiji, Ujiji" kabla hujamwona.

Shauri langu kuu ni hili: anzeni mbali, mrudi mkikaribia meli. Nendeni Ujiji kwanza, asubuhi hiyo hiyo, mengine yote yafanyike njiani mkirudi. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanaanza na soko la mjini, wanakula, jua linakuwa kali, wanafika Ujiji saa nane na kuanza kutazama saa badala ya mwembe wa Livingstone. Mkianza na Ujiji, kila saa inayopita inawakuta karibu zaidi na bandari, na kikitokea chochote bajaji moja inamaliza kazi.

Ujiji ni kilomita 8 hivi. Asubuhi gari linakwenda vizuri, kinachokula muda ni kujaza pale Mwanga. Muombee mama siti ya mbele kwa dereva. Mwambie tu, "Mwanangu, nina mama mgonjwa wa miguu," wala hutaongeza neno. Watu wa huku wanaheshimu mzazi, hata konda mwenye mdomo mchafu hunyamaza. Nauli ulizeni abiria wa jirani, siyo konda, na muwe na noti ndogo. Ukitoa noti ya elfu kumi asubuhi chenji yako itasafiri na gari.

Mwambie konda awashushe njia ya Livingstone. Kutoka barabarani hadi makumbusho ni mwendo wa kuteremka kuelekea ziwani. Kijana anatembea bila kufikiri, ila kwa mama chukueni bajaji kipande hicho tu. Hapo ndipo naachana na yule mdau wa gari la kukodi. Daladala kwa masafa, bajaji kwa vichochoro, jumla yake haifiki hata robo ya gari la kutwa. Na patana bei kabla ya kukaa, siyo baada.

Pale kuna mnara wa mawe na miembe iliyotokana na ule wa zamani, ambao Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Ndani kuna sanamu zao wakisalimiana, ambazo kwa kweli zinachekesha kidogo. Wenyeji wa nchi mnalipa kiingilio chenu tofauti na wageni, ndiyo maana nikasema NIDA. Msikubali hadithi iishie kwa wazungu wawili. Muulizeni mwongozaji habari za Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyemkimbilia Stanley kabla mgeni huyo hajafika nyumbani kwa bwana wake. Yeye na mtumishi mwenzake Chuma, pamoja na wengine, ndio walioubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia mwaka 1873 hadi pwani Bagamoyo. Kwa miguu. Mama yako atapenda hiyo kuliko mnara.

Kitu kingine mtakachoshangaa ni kwamba ziwa liko mbali na mwembe, wakati habari zote za zamani zinaeleza watu wa pwani ya ziwa. Hakuna aliyeuhamisha mti. Ziwa ndilo lililorudi nyuma. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na tope na majani. Mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi, yakaanza kutoka kwa nguvu, na kwa miaka iliyofuata kina kikashuka kwa mita kadhaa. Hivyo sehemu kubwa ya ardhi mtakayoitembea kwenda ufukweni ilikuwa maji. Shukeni hadi huko kama mama ana pumzi, mkawaone mafundi wa mitumbwi. Wanapasua mbao, wanaziba nyufa, wanagonga siku nzima. Mimi hapo huwa nakaa kuliko kwenye makumbusho. Salimieni kwanza. Ujiji ni mji wa Waswahili wa siku nyingi, mtu ukipita kimya mbele ya baraza unaonekana huna adabu. Na ikiwa ni Ijumaa, malizeni mambo yenu kabla ya saa sita, maana wakati wa swala hata anayewauzia soda atakuwa msikitini.

Kurudi ndiko kwenye mtego. Magari mengine hukatisha ruti: konda anaita mjini, akifika Mwanga anaona abiria wachache, anawashusha wote mpande jingine. Kabla ya kuingia uliza, "Mnafika reli?" Akisita, acha lipite. Na muwe mmeondoka Ujiji kabla wanafunzi hawajatoka shule. Baada ya hapo vituo vinajaa watoto, makonda wanawakimbia kwa sababu ya nauli yao ndogo, gari linasimama mita mia mbele ya kituo na watu wazima wanakimbizana nalo. Hiyo mama haiwezi.

Ila kama gari linaishia Mwanga kweli, hamjapoteza kitu, kwa sababu mlipaswa kushuka Mwanga hata hivyo. Soko la Mwanga ndilo la kununua dagaa na mawese ya kuchukua. Sisemi kwa kuwa nauza mimi, mawese yangu ni ya jumla. Onja kabla ya kununua, na funga dumu kwa nailoni chini ya kifuniko, saruji na mawese vikikutana ndani ya meli ni balaa. Chakula kuleni hapo, samaki wa mgebuka na ugali wa muhogo kwa mama ntilie, tena muombe ule uliokaangwa mbele yenu. Hoteli za ziwani zina mandhari nzuri na sahani ndogo.

Mkiwa Mwanga na saa haijafika saa nane, mna nafasi ya kitu kimoja zaidi. Kimoja. Chaguo la kwanza ni Katonga, kijiji cha wavuvi upande wa kusini wa mji. Kuna magari yanakwenda huko, na ndiyo njia ya ufukwe wa Jakobsen pia, ambao una kiingilio na mwendo wa miguu kutoka barabarani. Ufukwe ni mzuri mno, ila kwa mama nisingeupendekeza, bora mbaki kijijini. Katonga mnakwenda kuona dagaa wakianikwa, lakini tazameni mwezi kwanza. Wavuvi wetu wanavua usiku kwa taa, dagaa wanafuata mwanga. Siku za mbalamwezi taa haina kazi, mitumbwi inalala na chanja zinakuwa tupu. Vilevile mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo ukija miezi hiyo ulizia kwanza kama ziwa limefungwa.

Chaguo la pili ni Kibirizi, kaskazini ya bandari, karibu zaidi. Kama moyo unakuuma kuhusu Gombe, nenda ukaione mitumbwi inavyopakia mchana: magodoro, kreti za soda, mbuzi, akina mama na vitenge vyao, nahodha anapiga kelele kwamba kumejaa na bado anaita. Bajaji inawafikisha na kuwarudisha bandarini upesi. Kwa siku yako mimi ningechagua hapa, kwa sababu kutoka Katonga unategemea gari lijae, na kutoka Kibirizi mama akichoka mko karibu na meli.

Mdau aliyeuliza kama daladala za jioni ni salama: kwa ujumla ndiyo, angalia mfuko wako Mwanga kama unavyoangalia sokoni popote. Ila huyu dada jioni hatakuwa ndani ya daladala. Atakuwa kwenye foleni ya mihuri.

Ukishajua tarehe niandikie hapa hapa siku gani mnafika. Kama ni Ijumaa au Jumapili nitakupangia upya, maana hizo mbili zinabadilisha karibu kila kitu nilichosema.