Linux na kadi ya sauti ya kurekodia

Ndugu, nimekuelewa: laptopu ya RAM GB 8, sauti inakatakata ukirekodi gitaa, na hujui ununue kadi gani Kariakoo. Weka Ubuntu Studio 24.04, toleo la Linux la kazi za sauti na video; inakuja na PipeWire (inayopitisha sauti ndani ya kompyuta) na Ardour (programu ya kurekodia). Nakili mafaili yako kwanza, kusakinisha kunaweza kufuta diski nzima.

Kadi iwe ya USB isiyodai draiva yake (programu ya kuiendesha), mfano Behringer UMC202HD. Nenda na laptopu na flashi ya Ubuntu Studio, iwashe kwa flashi hapohapo dukani, chomeka kadi, fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika arecord -l. Jina la kadi lisipotokea, usilipe, hata muuzaji aape.

Ukirekodi, anza na bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 256 kwa Hz 48000, kama milisekunde 5. Sauti ikikwaruza, panda hadi 512. Na tafadhali usipitishe kadi kwenye habu ya USB isiyo na umeme wake: ukiwasha 48V (umeme ambao kadi huipa maiki ya kondensa), kadi inaweza kuzimika katikati ya kurekodi.