Ukihakiki Onyesho, Tazama Mikono ya Mwigizaji

Wengi wanaoanza kuhakiki michezo ya jukwaani hukwama palepale: wanasimulia kisa mwanzo hadi mwisho, kisha wanafunga kwa kusema waigizaji wamevaa uhusika vizuri. Msomaji ambaye hakuwepo ukumbini haambulii kitu. Tunawashauri hivi: msomeni Kenneth Tynan, Mwingereza aliyezaliwa Birmingham mwaka 1927 na kuanza kuhakiki kwenye The Observer, gazeti la Jumapili, mwaka 1954.

Mchukueni katika wiki moja tu. Look Back in Anger, mchezo wa John Osborne, ulianza kuonyeshwa katika ukumbi wa Royal Court, London, Jumanne tarehe 8 Mei 1956, na magazeti mengi ya kila siku hayakuupenda. Tynan alikuwa na nafasi mpaka Jumapili ya tarehe 13. Hakuficha kasoro: mchezo umezidi kwa dakika 20, na tukio la mwisho la kupatana halikumridhisha hata kidogo. Akakubali pia kwamba utapendwa na wachache, halafu akakadiria hao wachache: 6,733,000, yaani watu wote nchini mwake wenye umri kati ya miaka 20 na 30. Angeweza kuandika "vijana wataupenda", na sentensi hiyo ingesahaulika Jumatatu. Na kwa kuwa kasoro alizitaja kwa dakika na kwa tukio, sifa alizotoa zikaaminika.

Ili ufike hapo, kazi inaanza gizani. Beba kidaftari kidogo na penseli, kwa maana kalamu ya wino ikigoma gizani hutajua. Andika maneno mawili matatu kwa mstari, kwa herufi kubwa, bila kuinamisha kichwa, kwa sababu kila unapotazama daftari kuna kitu kinakupita. Usinukuu maneno ya mchezo isipokuwa mstari mmoja au miwili; nukuu mwili. Alishika kikombe kwa mkono gani? Alinyamaza kwa muda gani kabla ya kujibu? Hadhira ilicheka wapi, na ilikaa kimya wapi? Ukirudi nyumbani, zifafanue alama hizo usiku huohuo, maana asubuhi "mkono, ngazi" haitakwambia chochote. Katika makala ya maneno 600, kisa kisizidi maneno 80.

Kuna mahali hatumfuati Tynan. Mwaka 1955, mwigizaji Vivien Leigh alipocheza kama Lavinia katika Titus Andronicus, mchezo wa Shakespeare, huko Stratford, Uingereza, Tynan aliandika kwamba Leigh alipokea habari kuwa atabakwa juu ya maiti ya mumewe kwa kero ndogo tu ya mtu ambaye angependelea godoro la sponji. Watu walicheka, na sentensi hiyo inanukuliwa hadi leo. Lakini isome tena: haikuambii sauti yake ilikuwaje wala alisimama wapi. Imemjeruhi mtu bila kumfundisha msomaji. Ukiandika sentensi ya kejeli, jiulize imebeba kitu gani kilichoonekana jukwaani. Kama hakuna, ifute, hata kama ndiyo unayoipenda kuliko zote.

Jambo jingine ni kiti unachokalia. Mwaka 1963 Tynan aliingia National Theatre, jumba la taifa la michezo ya jukwaani Uingereza, chini ya mkurugenzi wake Laurence Olivier, kusimamia uteuzi wa michezo, na uhakiki wa kila wiki akauacha. Alifanya sawasawa. Huwezi kupika na kuonja kwa niaba ya wageni. Kama mwongozaji ni ndugu yako, au watayarishaji wamekulipa nauli, mwambie mhariri mapema ampe mwingine onyesho hilo.

Kabla ya kutuma, chukua kijarida cha onyesho ulinganishe kila jina, herufi kwa herufi, na uangalie kama usiku ule hakukuwa na mwigizaji wa akiba aliyeshika nafasi ya mwenzake. Mara nyingi badiliko hilo hutangazwa kwa kikaratasi kilichobandikwa mlangoni, na wahakiki hukipita wakikimbilia viti vyao.