Barua kwa Neema, aliyeniuliza Gambia inahusika nini

Mwanangu Neema,

Marahaba. Sisi huku Ngara tu wazima, baba yako magoti yanamsumbua kama kawaida ya msimu wa mvua.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Unauliza Gambia, nchi isiyofika watu milioni 3, isiyopakana na Myanmar wala kufanya nayo biashara ya maana, inahusika nini hata ikaishtaki The Hague kwa mauaji ya kimbari. Tena unauliza kama kesi hiyo imewafaa chochote Warohingya, wale Waislamu wachache wa Myanmar waliouawa na kufukuzwa kwao.

La kwanza Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilishalijibu, tarehe 22 Julai 2022: kila nchi iliyoridhia Mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari inaweza kumdai mwenzake autimize, hata kama yenyewe haikuguswa. Mikataba ya Geneva nayo imeanza hivyo hivyo, ibara ya kwanza kabisa: kuiheshimu, na kuhakikisha inaheshimiwa. Mimi nimewaambia tangu mkiwa wadogo kwa maneno machache zaidi. Aliyeona anahusika.

Lakini swali lako limenipeleka kwa aliyekuwa waziri wao wa sheria, Abubacarr Tambadou. Unajua alitokea wapi? Alifanya kazi miaka mingi hapa kwetu Arusha, katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwaka 2018 akaenda mkutanoni Bangladesh, akafika kambi za Cox's Bazar, walikokimbilia Warohingya zaidi ya 700,000 mwaka mmoja kabla. Alipowasikiliza, akasikia yale yale aliyoyasikia Arusha. Angeweza kurudi Banjul akanyamaza. Nchi yake ilikuwa ndiyo kwanza imetoka mikononi mwa dikteta wao, Yahya Jammeh, ina vidonda vyake yenyewe. Novemba 2019 wakafungua kesi.

Mimi niliyasikia kabla yake, na sikufungua mdomo.

Habari ya daraja la Rusumo, mpakani mwetu na Rwanda, mnaijua. Tarehe 28 Aprili 1994 mto wa wakimbizi wa Rwanda ulianza kuvuka, kama robo milioni ndani ya siku moja, na chini ya daraja Kagera inapita na maiti. Mihogo ya babu yako mnajua ilivyokwisha, naye hakumfukuza mtu. Mnajua pia kwamba nilipata kibarua katika kambi yao ya Benaco cha kuandika kadi za mgao kwa sababu ya mwandiko wangu. Habari ya yule mama ndiyo sijawahi kuwasimulia.

Watu walikaa kambini kama walivyokaa kwao, kila komuni, yaani kila wilaya ndogo ya kwao, na mkubwa wake, na mkubwa ndiye aliyesoma majina na kupokea unga na maharage ya watu wake. Wageni wa shirika waliufurahia utaratibu ule, ulikuwa unawapunguzia kazi. Siku moja mwezi wa 6 mama mmoja aliinama mezani kwangu kama anayetazama kadi yake. Akaninong'oneza kwamba yule anayesoma majina ndiye aliyesimama mlangoni mwa kanisa lao akionyesha nani atolewe nje. Akaomba nimhamishie orodha nyingine. Mzungu aliyekuwa pembeni asingeelewa neno. Mimi ni Mhangaza, lugha yetu ni ndugu na Kinyarwanda, nilielewa yote. Nikamwambia, "Mama, mimi naandika tu."

Mgao uliofuata jina lake lilisomwa, akaja kijana nisiyemjua kuchukua posho. Sikuuliza.

Nilikuwa na miaka 24. Ningemwambia nani? Polisi walikuwa wachache mno kwa umati ule. Nimejitetea hivyo miaka 30, kisha najijibu mwenyewe: hema la ofisa wa wakimbizi lilikuwa hatua 100 kutoka mezani kwangu. Aliyeona anahusika, Neema, na mimi nilikuwa nimeshaona.

Sasa, imewafaa? Tarehe 23 Januari 2020 majaji wote 17, bila hata mmoja kupinga, waliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya na isiharibu ushahidi. Mwaka uliofuata jeshi lile lile likapindua serikali. Utaniambia amri ya mahakama haizuii risasi, na sitabishana. Lakini Jean-Paul Akayesu wa Rwanda naye alikuwa mkubwa wa komuni, komuni ya Taba, kama yule wangu na orodha yake. Septemba 1998 Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, mtu wa kwanza duniani kuhukumiwa kwa kosa hilo na mahakama ya kimataifa, ikatamka kwamba na ubakaji wa wanawake huko Taba ulikuwa sehemu ya mauaji hayo. Ni wanawake waliosimama wakasema.

Najua utanikumbusha Desemba 1996, baba yako naye hunikumbusha. Serikali yetu ilitangaza wakimbizi wote warudi Rwanda ifikapo tarehe 31. Waliokimbilia porini, kuelekea ndani ya nchi, askari wetu waliwageuza. Tuliowafungulia daraja ndio tuliowasukuma juu ya daraja lile lile. Wauaji walikuwemo, na kambi isingevunjwa wangeendelea kuwatawala wenzao. Wasio na kosa walikuwemo pia, wanatetemeka. Niliwaona wakipita na mikeka kichwani, watoto wameshika nguo za mama zao. Ulimi unaniwasha niseme tulikosea. Nauzuia, kwa sababu mtu mmoja tu aliniomba nihamishe jina lake kutoka karatasi hii kwenda ile, na sikulihamisha.

Kesi zilipoanza Arusha nilitaka kwenda kueleza nilichoambiwa. Jina la yule mwanamume nililijua, lilikuwa juu ya kila orodha niliyoandika. Baba yako akatafuta nauli ya basi, akanipa mkononi. Wewe ulikuwa unanyonya. Nikasema nikuachishe kwanza, halafu nikasema mvua ipite. Nauli ile ndiyo yale mabati ya jiko la nyuma.

Mama yako