Anzeni na tamthilia, filamu kubwa itasubiri

Mhariri wiki hii umeuliza anayetaka kuandika skripti za filamu aingilie mlango gani. Mimi niko Dar na kazi yangu ni hiyohiyo ya kuandika, kwa hiyo nitajibu kwa ya hapa Bongo, ya Hollywood waachieni wanaoishi huko.

Wengi wanaonifuata inboksi wana stori ya filamu moja kubwa, ina ajali ya basi, ina msiba wa watu mia mbili, halafu jamaa kakimbilia Ujerumani, na wanachotaka niwaunganishe na prodyuza. Sasa nani atashuti hiyo? Prodyuza wa kwetu akishika skripti anaanza kuhesabu lokesheni na wahusika, maana kila kimoja ni hela ya usafiri, ya msosi, ya kumlipa mwenye nyumba anayekodisha sebule yake kwa siku. Umeandika sebule tatu wakati sini zote zingekaa kwenye moja, hapo umeshamkera kabla hajajua stori inahusu nini.

Ndo maana nawaambia wadogo zangu waanze na tamthilia. Enzi za DVD za Kariakoo ilikuwa kawaida waigizaji kupewa stori kwa mdomo halafu wanajiongeza wenyewe mbele ya kamera, mwandishi unamsoma kwenye kava tu. Siku hizi kuna chaneli za TV kama Maisha Magic Bongo, kuna Sinema Zetu ya Azam, na tamthilia inakula episodi wiki hadi wiki, kichwa kimoja hakiwezi, lazima waandishi wawe kadhaa na kuna muda wanaelemewa kabisa, na upenyo wako uko hapo. Mtafute mwandishi kiongozi, prodyuza muache kwanza, mwambie uko tayari hata kunyoosha dayalogi za mwenzio. Hakuna sifa kwenye hiyo kazi na malipo yake madogo, ila ndo inayokufundisha.

Na dayalogi ndo ugonjwa wetu mkubwa jamani. Unakuta dada anaingia sebuleni anamwambia kaka yake: "Kaka Juma, unajua tangu mama yetu afariki mwaka jana, wewe ndiye unayeishi kwenye hii nyumba aliyotuachia." Juma si anajua hayo yote! Muache dada aingie, akute picha ya mama ukutani haipo, aulize "Picha iko wapi?" na Juma ajibu "Umekula?" Msiba tumeuona, ugomvi wa nyumba tumeunusa, na imeshutiwa kwa watu wawili na sebule moja.

Kuhusu muonekano wa skripti sitakaa sana. Fonti ni Courier saiz 12, ukurasa mmoja unahesabiwa kama dakika moja hivi ya picha, programu za bure zipo, Trelby inatosha kabisa. Usitume kwa mafungu ya WhatsApp, tuma PDF. Kumbuka kibali cha kushuti kinaombwa Bodi ya Filamu na skripti inatakiwa, kwa hiyo prodyuza anayeheshimu kazi anahitaji kitu kilichoandikwa kikaeleweka.

Wasiwasi wa kuibiwa upo na mimi siupuuzi, kuna kampuni niliwapa sinopsisi, yaani muhtasari wa stori, wakanyamaza, baadae nikaona kitu kinachofanana mno kwenye TV, nikabaki nameza mate. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda ulichokiandika, wazo lililoko kichwani hailijui. Kwa hiyo andika skripti nzima kabla hujaenda kusimulia watu kwenye vikao, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ukituma tumia barua pepe ili tarehe ibaki.

Ukiwa na marafiki wenye kamera pigeni filamu fupi ya dakika kumi, ipelekeni ZIFF, lile tamasha la filamu pale Zanzibar, na hata isipochaguliwa nendeni tu, maana madairekta wanakuwepo na wanaongeka, hasa jioni baada ya filamu kuisha. Usiende na bahasha ya skripti mkononi lakini, utawakimbiza. Ongelea filamu mliyotoka kuiona, mkielewana omba namba.

Hela mkubaliane kwa maandishi kabla ya episodi ya kwanza, na uliza kabisa marekebisho ni mara ngapi, maana wapo watakaokurudisha mpaka uichukie stori yako mwenyewe kwa malipo yaleyale.