Mtoto anaimba A mpaka Z lakini hasomi: anzia masikioni

Dada, umeleta mambo matatu kwa mkupuo. Binti yako ana miaka mitano na anaimba alfabeti yote bila kukosea, ila ukimwandikia "mama" anakukodolea macho. Kila siku anarudi na ukurasa mzima wa kunakili herufi na anaufanya huku analia. Na mtoto wa jirani, umri huohuo, tayari anasoma. Unauliza umtafutie masomo ya ziada au umwache. Nimefundisha chekechea miaka 16, na saba ya mwanzo nilikuwa naikosea kazi yenyewe, kwa hiyo nina la kusema. Vumilia urefu.

Nianze na aibu yangu. Darasani kwangu kulikuwa na chati ya silabi imejaa ukuta mzima: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mpaka chini. Kila asubuhi nashika fimbo, naelekeza, watoto wanaitikia kwa nguvu mpaka mzazi anayepita nje anatabasamu. Siku moja, kwa kuchoka tu, nikaanza kuelekeza kutoka mwisho wa mstari. Fimbo iko kwenye "bu", darasa zima linasema "ba". Nikasogea "bo", wakasema "be". Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Kumbe muda wote ule walikuwa wanaimba, na chati ilikuwa pambo la ukuta.

Binti yako yuko hapohapo, na si kosa lake. Anaujua wimbo. Asichokijua bado ni kwamba neno analolisema mdomoni linaweza kukatwakatwa vipande, na kwamba herufi ni alama ya kipande. Kwake "kiti" ni kitu cha kukalia, basi. Hajawahi kuwa na sababu ya kusikia "ki" na "ti" ndani yake, sembuse "k". Mpaka asikie hivyo vipande, herufi utakazomwandikisha ni michoro tu, na mtoto anayenakili michoro arobaini kila jioni ana haki ya kulia.

Kwa hiyo jibu langu ni moja: kabla ya jicho na mkono, fundisha sikio. Hakuhitajiki daftari. Mkiwa njiani au mnafua, mnapiga makofi kwa kila silabi ya maneno mnayoyaona. Me-za, makofi mawili. Si-mu. Ki-pe-pe-o, manne, na hapo watoto hucheka sana. Akishazoea, geuza mchezo: wewe sema vipande polepole, "sa... ma... ki", yeye aunganishe. Baadaye kutoa: sema "samaki", sasa ondoa "sa", kimebaki nini? Halafu kubadilisha: "baba" nikiweka "ka" mahali pa kila "ba" napata nani? Na "da" je? Mtoto akigundua kwamba kaka, dada na baba wametofautiana kwa sauti moja tu, utaona uso wake. Mwisho kabisa ndipo mnashuka kwenye sauti mojamoja: ni nani humu ndani jina lake linaanza na "mmm"?

Usidharau masikio yao, lakini. Kuna mwaka nilifundisha makofi haya, nikasema "mbwa" ni kofi moja. Kitoto kimoja cha mstari wa mbele kikakataa katakata: "Mwalimu, m-bwa. Mawili." Nikabishana nacho mbele za watu. Nilipotulia nikatambua kina haki, kwa sababu m ile inasimama peke yake kama ilivyo kwenye m-tu na m-ti, tofauti na mbu-zi ambamo m imeungana na b. Nilikuwa nahesabu kwa macho, chenyewe kinahesabu kwa sikio.

Sasa herufi. Zikiingia, zisiingie kwa mpangilio wa A mpaka Z. Anza na za jina lake, maana hakuna neno analolipenda kuliko hilo. Halafu irabu zote tano, kwa sababu Kiswahili hakina silabi ya kawaida isiyoishia na irabu ukiacha hizo m na n zinazosimama zenyewe. Kisha konsonanti zinazovutika mdomoni: m, s, l, n. Ni rahisi kuunganisha "mmmaaa" kuliko "b" na "a", kwa kuwa b haivutiki, ukijaribu inageuka "be". Na hapa kuna mtego mkubwa wa nyumbani: fundisha sauti kabla ya jina la herufi. Nilikuwa na mtoto aliyekuja akijua "em" na "a". Nikamwambia aunganishe, akasema "ema". Alikuwa sahihi kabisa kwa alichofundishwa.

Zile ngumu (ng', dh, gh, th) ziache mwishoni. Hazina haraka.

Kuhusu mtoto wa jirani. Kiswahili kinasomeka upesi kwa sababu kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa nchi za Ulaya mwishoni mwa darasa la kwanza: wa Ufini, ambao maandishi yao nayo yanafuata matamshi, walisoma sawasawa karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa, ilhali wa Uskoti wanaosoma Kiingereza walipata kama theluthi moja. Sisi tuko upande wa Wafini kwa hili. Mtoto akishika silabi tu, anatiririka. Ndiyo maana simwonei wivu jirani yako hata kidogo, na ndiyo maana pia nina wasiwasi wangu.

Maana nilimwona mmoja wa aina hiyo. Alisoma "Sungura akajificha kichakani" kama mtangazaji wa habari. Nikamuuliza, sungura yuko wapi? "Akajificha." Wapi? Kimya. Kichaka ni nini? Hajui. Jirani yake wa dawati, ambaye hajui kusoma hata mstari, akajibu kutoka pembeni: "Yuko kwenye majani yale marefu, anaogopa." Sasa niambie ni yupi aliyesoma. Watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka hili mwaka 1986 kama hesabu ya kuzidisha: kusoma ni kutambua neno lililoandikwa mara kuelewa lugha. Kuzidisha, si kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili ung'ae namna gani. Kwa Kiswahili upande wa kwanza huja mapema, tunapiga vigelegele, halafu miaka mitatu baadaye tunashangaa mtoto anafeli maswali ya ufahamu.

Huo upande wa pili unajengwa kwa maongezi na hadithi tu, sijaona njia nyingine. Msomee kitabu kilekile mara nne, tano. Ukichoka wewe, yeye bado. Siku ya kwanza soma tu. Siku ya pili simama: "Unadhani atafanya nini?" Ya tatu acha pengo alijaze. Ya nne mpe kitabu akusimulie kwa picha. Grover Whitehurst na wenzake walijaribu kitu cha namna hii mwaka 1988: wazazi wa watoto wadogo kuliko wako, wa miaka miwili hivi, walifundishwa kuuliza maswali ya wazi na kuyapanua majibu ya mtoto, na baada ya mwezi mmoja watoto wao walikuwa wamewaacha wenzao ambao wazazi wao waliwasomea kama kawaida. Kama huna kitabu, simulia cha kichwani. Tega vitendawili. Mwache naye atege, hata kama chake hakina jibu.

Akikosea ngeli usimkate. Akisema "kiatu yangu imepotea", mrudishie: "Kumbe kiatu chako kimepotea! Kimepotelea wapi?" Amesikia umbo sahihi na mazungumzo hayajafa. Ukimwambia "sema vizuri", kesho atakuonyesha kwa kidole tu. Na zungumza naye kwa lugha unayoimudu kwelikweli. Nawaona wazazi wanaongea na watoto Kiingereza cha kuunga ili wawahi shule, mtoto anaishia na maneno mia mbili ya kuamrishwa: njoo, kaa, kula, lala. Sikio lililozoezwa kwa lugha moja linahamia na ujuzi wake kwenye nyingine.

Kuandika: mwache aandike anavyosikia. Niliwahi kupewa kikaratasi, NAPEDA MWALIMU. Nilikiweka. Mwalimu mwenzangu alitaka nikisahihishe kwa wino mwekundu, nikamwambia asikiguse. Mtoto aliyeandika hivyo amesikia n-a-p-e-d-a, ameruka ile n iliyojibana kabla ya d tu. Mtafiti Charles Read aliliona jambo hilohilo kwa watoto wa Marekani mwaka 1971, nao wanairuka n na m mahali kama hapo. Hujirekebisha kadiri anavyosoma. Herufi kugeuka, b kuwa d, ni kawaida mpaka miaka saba hivi. Na kama vidole vyake havina nguvu, udongo wa kufinyanga na mkasi vitamsaidia kuliko penseli.

Jambo moja tu usilisubirie. Nilikuwa na msichana niliyemhesabu mkaidi muhula mzima. Namwita, hageuki. Namwambia lete daftari halafu funga mlango, analeta daftari tu. Nilimhamishia nyuma kwa sababu alikuwa "hasikilizi", na neno hilo nililitumia mimi mwenyewe mbele ya mama yake. Alipopimwa, masikio yote mawili yalikuwa na majimaji ndani. Kama binti yako anauliza "ee?" mara kwa mara, anaongeza sauti ya redio, au mgeni haelewi nusu ya anachosema, kampime masikio kwanza, kabla ya mwalimu wa ziada.

Kuhusu lile daftari, ongea na mwalimu kwa upole. Mwambie mtafanya mstari mmoja, vizuri, kisha mtacheza makofi dakika kumi. Wengi wetu tunatoa kurasa kwa sababu wazazi wengine wanazidai, hivyo huenda akashukuru. Masomo ya ziada acha. Jaribu wiki tatu, halafu urudi utuambie "mbwa" amempigia makofi mangapi.