Muulize Mwalimu: Sado imebonyea, na Jumapili ni Meza ya Bwana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa Igoma hapa Mwanza mwaka wa saba sasa, mzigo nachukua Mwaloni Kirumba alfajiri. Nimeokoka na niko kwaya. Mwezi uliopita mchungaji alifundisha ile 2 Wakorintho 13:5, jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani, akasema kila mtu ajihoji usiku kabla hajalala. Basi nikanunua daftari nikawa naandika, leo nimesali asubuhi, Jumatano nimefunga, sijasengenya mtu, zoezi la kwaya nimeenda, na kwa kweli nikawa najiona niko vizuri tu. Sasa juzi binti yangu wa darasa la saba kaja kunisaidia mezani, kashika sado, kile kindoo cha kupimia dagaa, kaigeuza, kacheka, ananiambia mama mbona kitako kimeingia ndani kama bakuli limefunikwa? Nikamwambia ndivyo zinavyouzwa. Uongo mwalimu. Niliipasha moto nikaibonyeza mwenyewe, alinifundisha mama mmoja nilipoanza biashara. Toka siku hiyo daftari siligusi. Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana, nisishiriki? Na nikitubu nitamrudishia nani, miaka saba watu wamepita pale hata majina siwajui. (Mama wa dagaa, Igoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nikwambie nimecheka kidogo, sio kwa kukudharau, nimecheka kwa sababu mtoto wa darasa la saba amefanya kwa sekunde tano kazi ambayo daftari lako limeshindwa mwezi mzima. Na daftari halina kosa, umeliuliza maswali ya kanisani tu nalo likakujibu ya kanisani. Kusali, kufunga, kwaya. Hakuna mstari hata mmoja wa kuanzia saa kumi na moja alfajiri unapoinama kuchagua mzigo pale Mwaloni mpaka jioni unapohesabu hela, na siku yako wewe iko hapo, ndipo unapokutana na watu wengi kuliko kwaya nzima. Yule farisayo wa Luka 18 naye alikuwa na orodha kama yako, nafunga mara mbili kwa juma, natoa zaka, na yote ilikuwa kweli.

Na tusiifanye sado kitu kidogo. Wote tunaonunua dagaa tunajua yale mambo, kitako kimepanda juu, halafu muuzaji anamimina taratiiibu dagaa wakae wimawima katikati pabaki hewa, hatikisi, juu anaweka kilima kizuri mpaka wanamwagika, mteja anaona kapendelewa. Akifika nyumbani akimimina kwenye beseni anashangaa. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na Amosi 8 imewasema wafanyabiashara waliokuwa wanasubiri sabato iishe wakauze nafaka kwa efa iliyopunguzwa. Wale walikuwa wanaitunza sabato, mwanangu! Efa ni kipimo cha ujazo, yaani kwa lugha ya Igoma nabii alikuwa anaongelea sado.

Nami nisijifanye msafi hapa. Kuna fundi viatu wa Mabatini nilikaa na deni lake la shilingi elfu sita miezi minane. Elfu sita! Sikuwa sina hela, nilisahau wiki ya kwanza, ya pili nikaona aibu, baada ya hapo nikaanza kupita barabara ya nyuma nikizunguka na jua lote lile, na muda huohuo naongoza maombi ya Ijumaa na kila Ijumaa nasema Bwana utuchunguze. Nilikuja kugundua siku ya mvua, njia ya nyuma imejaa maji, nikasimama nikijiuliza nipite wapi, ndo nikajiona. Toka hapo mi nikijihoji siulizi sana moyo unajisikiaje, moyo wangu unanipendelea. Naulizia miguu. Wiki hii nimemkwepa nani, simu ya nani sijapokea, nimegeuza maongezi walipotaja nini. Wewe mwenyewe umeshaanza kumkwepa binti yako, na daftari pia unalikwepa.

Kuhusu Meza ya Bwana. Wengi wanadhani 1 Wakorintho 11:28 inamfukuza mtu, hebu isome polepole, mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Inasema aule. Kujihoji ni mlango wa kuingilia. Ila Mathayo 5:24 nayo ipo, uache sadaka mbele ya madhabahu uende kwanza ukapatane na ndugu yako, kwa hiyo usisubiri Jumapili, leo ni Jumanne una siku nne kamili. Hiyo sado itupe kesho, au ipashe moto tena uirudishe ilivyokuwa, ila mi naona utupe maana siku biashara ikiwa mbaya itakuita. Ukiweza nunua mizani, Wakala wa Vipimo siku zote wanahimiza watu watumie mizani iliyohakikiwa. Na anza sasa hivi kwenye giza, siku zisizo na mbalamwezi, wakati dagaa ni wengi, ukingoja mbalamwezi wavuvi wakae pwani na bei ipande utapata sababu nyingine.

Kurudisha sasa, hapa ndo pagumu. Zakayo alisema mara nne, sheria ya Walawi 6 ilidai thamani yote na sehemu ya tano juu yake, na Hesabu 5:8 imefika mpaka kwenye swali lako lenyewe, kwamba kama hakuna wa kulipwa basi inakuwa ya BWANA, anapewa kuhani. Lakini usikimbilie huko kwenye bahasha ya sadaka haraka! Huwajui wote, wapo unaowajua. Mama ntilie anayechukua kila Jumamosi unamjua. Jirani wa mkopo unamjua. Anza na hao kwa mdomo wako, mama mwenzangu sado yangu ilikuwa pungufu, nisamehe, naomba nikufidie. Najua unachowaza, unawaza nitawaongezea nyongeza kimyakimya yataisha. Hapana. Ukiongeza bila kusema watasema dada huyu ana roho nzuri kweli, yaani uwape dagaa wao wenyewe halafu ushukuriwe. Utakuwa umewapunja mara ya pili.

Wazee wetu wa upande wa pili wa ziwa walilijua hili. Ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Uganda mpaka Bukoba, watu waliojulikana nao ni wale waliosimama wakaungama hadharani halafu wakaenda kurudisha walichoiba. Wakaita kutembea nuruni. Wapo wateja watakaokukasirikia, mmoja wawili watahama meza, huo uwezekano upo sikufichi.

Na binti umwambie kabla ya mama ntilie. Usimpe mahubiri, mwambie tu nilikudanganya, niliibonyeza mwenyewe. Akikusaidia kuitupa sawa.

SWALI: Mwalimu mambo, mi ni ngosha wa bodaboda, Buhongwa. Nimeongozwa sala ya toba mara sita na bado kila usiku najichunguza naona sijaokoka, nahesabu dhambi mpaka saa nane, usingizi hamna. Nimekosea wapi? (Kijana wa Buhongwa)

JIBU: Poa kijana. Wewe na mama wa dagaa mngegawana, yeye alijihoji kidogo mno wewe umezidisha. Zaburi 139 inasema Ee Mungu, unichunguze, anayeshika tochi ni Mungu, wewe umemnyang'anya. Wakatoliki wana utaratibu wa kujihoji wa Mtakatifu Ignasi wa Loyola wa karne ya 16 (wapentekoste wenzangu msinirushie mawe), unaanza kwa kushukuru, kabla hujagusa dhambi hata moja unataja mema ya siku hiyo. Jaribu hivyo, dakika kumi zitoshe, ukikuta kosa lenye mtu, mfano abiria uliyemzidishia nauli, andika kesho nimtafute, funga. Sala ya toba ya saba sikushauri. Ongea na mchungaji wako uso kwa uso, na usingizi ukiendelea kugoma nenda na hospitali, hiyo sio kukosa imani. Halafu meseji yako imeingia saa tisa kasoro usiku na asubuhi unabeba watoto wa shule. Lala kwanza.